"Dawa ya moto ni moto": Upo ugomvi wa binadamu unaomalizika kweli bila ngumi wala bunduki?

#1 Jabali
Salaam wakuu.

Kila ukigusa habari za amani, watu wanaleta dua badala ya hoja, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Dai langu: ukatili umo mwilini mwa binadamu kama kiu na usingizi, na tunachokiita suluhu ni woga wa kipigo cha pili tu.

Tazameni mifupa. Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, yalipatikana mabaki ya watu 27 wa miaka ipatayo 10,000 iliyopita: mafuvu yamepasuliwa, magoti yamevunjwa, ncha za mawe zimekwama mwilini. Jebel Sahaba, kaskazini mwa Sudan, ni makaburi ya zaidi ya miaka 13,000, watu 61, wengi wana alama za mishale na mikuki. Hapo hakukuwa na serikali wala mpaka. Halafu Gombe: kati ya 1974 na 1978 sokwe wa kundi la Kasakela waliwawinda madume wa Kahama mmoja mmoja mpaka wakaisha.

Anayesema ugomvi humalizwa kwa maneno alete tukio, mwaka, na hatua zilizopitiwa.

#2 MamaTafiti
Mkuu Jabali, ushahidi wako nauheshimu, ila umeukata katikati.

Mifupa ya Jebel Sahaba ilichunguzwa upya na matokeo yakachapishwa 2021. Walikuta majeraha mapya pamoja na makovu yaliyokwisha kupona kwa watu walewale. Maana yake si vita moja kubwa bali mashambulizi ya kurudiarudia, katika kipindi ambacho hali ya hewa ya bonde la Nile ilikuwa inabadilika vibaya na maeneo ya kuishi yanapungua. Mtu yuleyule, akiwa na mahali pa kutosha pa kuishi, tabia yake ni nyingine. Na Nataruk wapo wataalamu wanaobisha kwamba wote walikufa siku moja.

Kuhusu Gombe: Kasakela na Kahama walikuwa kundi moja lililogawanyika, hawakuwa wageni kwa wageni. Tena umemwacha bonobo, ndugu wa sokwe, ambaye ukaribu wake kwetu ni uleule wa sokwe, na makundi yake yakikutana mara nyingi yanakula pamoja na kusafishana manyoya.

Wapo pia nyani wa Masai Mara. Miaka ya 1980 madume wakorofi wa kundi moja walikuwa wakienda kupigania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikawaua. Wakabaki majike na madume wapole, na upole ule uliendelea zaidi ya miaka kumi, ingawa madume waliokuwapo mwishoni walihamia kutoka makundi mengine. Walijifunza walipofika. Hulka ni hulka, lakini kundi nalo lina malezi yake.

#3 Kokoto
Kwa hiyo tiba ni kifua kikuu kwa wakorofi? 😄 Endelea mama, tunasoma.

#4 DaktariMlezi
Mnajadili "ukatili" kama kitu kimoja, na hapo ndipo mijadala hii huharibika. Kuna aina mbili, na hata njia zake katika ubongo hazifanani.

Ya kwanza ni hasira ya papo hapo. Mtu ametukanwa, amesukumwa, amehisi hatari. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, sehemu ya mbele ya ubongo inayopima matokeo inazidiwa. Hii inawaka haraka na inazimika haraka.

Ya pili ni shari ya kupanga. Mhusika ametulia, anahesabu faida na gharama, anachagua saa na mahali. Sokwe wa Gombe walikuwa aina ya pili: walikwenda kimya, wengi kwa mmoja, wakampiga aliye peke yake. Mwanadamu ukimlinganisha na sokwe ana hasira ya papo hapo kidogo sana, maana tunaweza kujaa kwenye basi wageni watupu tukashuka salama. Kwa shari ya kupanga hatuna wa kutushinda.

Anayeleta dawa ya aina ya kwanza kwa ugonjwa wa pili atashindwa, kisha atasema "mazungumzo hayafai".

#5 Jabali
Hapo #4 umenisaidia kuliko unavyodhani. Hebu anza na aina ya kwanza. Hatua kwa hatua, si "kaeni mzungumze".

#6 BiHatua
Acha nijibu hilo. Mtu aliyewaka mbele yako:

Simama umbali wa urefu wa mikono miwili au zaidi, kwa upande kidogo, si kifua kwa kifua. Mikono ionekane, imefunguka, chini ya kifua. Usizibe mlango: mtu akijiona amezingirwa atapigana hata kama alitaka kuondoka. Aongee mtu mmoja tu kwa upande wenu, kwa sababu sauti tatu zinazosema "tulia" kwa pamoja ni kelele za shambulio masikioni mwake. Ondoa watazamaji kabla ya kitu kingine chochote. Mbele ya watu anapigania heshima yake, na mtu anayepigania heshima hasikii bei wala sheria.

Sauti yako iwe chini ya yake, lakini usinong'one. Sentensi za maneno matano au sita. Taja unachokiona: "Umekasirika, unaona umedharauliwa." Usibishane kuhusu nani alianza. Mpe njia mbili zote zenye stara: "Tukae hapa nje, au nikurudie baada ya nusu saa?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi.

Kinachoharibu: neno "tulia" peke yake, kumshika bega, kucheka, na kumtolea vitisho ambavyo huwezi kuvitekeleza. Na haraka. Mapigo ya moyo yakishapita 100 kwa dakika, mwili unahitaji angalau dakika 20 kurudi chini, na dakika hizo zinahesabika tu ikiwa hatafuni tena yaliyotokea.

#7 Mshumaa
Na ile ya kupiga mto au gunia mpaka hasira ziishe? Wengi wanaisifia.

#8 DaktariMlezi
Haifanyi kazi. Majaribio yaliyochapishwa 2002 yaliwapa watu waliochokozwa gunia la kupiga huku wakimfikiria aliyewachokoza. Walitoka na hasira zaidi na ukali zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote. Hasira si maji ya tangi kwamba ukifungua yataisha. Ni mazoezi: ukirudia unazoea.

#9 Nahodha2
Methali ya mleta uzi ina upungufu. Moto hauna dawa moja. Wa kuni utauzima kwa maji. Wa mafuta kwenye kikaango ukiumwagia maji unaruka mpaka darini. Huo unafunikwa, unanyimwa hewa. Wa umeme unaanza kwa kukata umeme. Hata moto kwa moto upo: wazima moto wa misitu huchoma ukanda mbele ya moto mkubwa ili ukifika ukose cha kula. Ila wanauchoma kwa mpango, wakiangalia upepo.

#10 Jabali
Nahodha umenipa hoja mwenyewe, huo ukanda unaochomwa ndio jeshi 😄 Twende kwenye makubwa sasa. Mataifa na waasi. Nani ana mfano?

#11 WakiliMtulivu
Camp David, kuanzia tarehe 5 hadi 17 Septemba 1978. Namna ilivyofanyika ina manufaa hata kwa ugomvi wa ndugu wawili wanaogombea nyumba.

Siku za mwanzo Carter, rais wa Marekani, aliwakutanisha Begin, waziri mkuu wa Israeli, na Sadat, rais wa Misri, ana kwa ana. Ikawa mbaya, wakafokeana. Akaacha. Kuanzia hapo alikwenda nyumba hadi nyumba na karatasi moja. Hiyo ndiyo mbinu ya rasimu moja: msuluhishi ndiye anayeandika, pande zote mbili zinakosoa tu. Hamwulizi mtu "unakubali?" bali "ni kipi hapa kinakuumiza?" Anarekebisha, anapeleka upande wa pili, anarudi. Rasimu zilifika 23. Mwishoni ndipo swali la ndiyo au hapana linaulizwa, mara moja tu.

Kwa nini inafaa? Mtu akishatoa msimamo wake hadharani, kuuacha ni aibu. Kukosoa karatasi ya mtu mwingine hakumvui mtu nguo.

La pili ni kutenganisha dai na haja. Ukichora mstari katikati ya Sinai, ardhi ya Misri iliyoshikwa na Israeli, kila mstari ungekataliwa. Lakini haja ya Misri ilikuwa kurudishiwa ardhi yake yote, na haja ya Israeli ilikuwa kutoona vifaru mpakani. Haja hizo hazigongani. Ardhi ikarudi Misri, sehemu kubwa ikapunguziwa majeshi, waangalizi wakawekwa. Mkataba ulitiwa saini tarehe 26 Machi 1979, Waisraeli wakamaliza kuondoka Aprili 1982. Nchi hizo mbili zilikuwa zimepigana 1948, 1956, 1967 na 1973. Tangu wakati huo hazijapigana vita tena.

#12 Kokoto
Wakili hapo umetulia kama jina lako. Lakini umesahau kwamba bila vita ya 1973 Begin asingekwenda popote. Na Marekani ilifungua mfuko wa fedha kwa pande zote mbili. Huo si ushindi wa maneno peke yake.

#13 WakiliMtulivu
Sijasahau, na sikatai. Vita ya 1973 iliwaonyesha wote gharama. Lakini vita tatu za kabla yake pia zilionyesha gharama na hazikuzaa mkataba. Kwa hiyo gharama peke yake haitoshi kueleza.

#14 MzeeDira
Vijana, ongezeni mipaka iliyopimwa na mahakama.

Ukanda wa Agacher: Burkina Faso na Mali walipigana siku chache za Desemba 1985. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa hukumu tarehe 22 Desemba 1986, ikaligawa eneo karibu sawasawa, na wote wawili wakaikubali. Rasi ya Bakassi: hukumu ya tarehe 10 Oktoba 2002 iliipa Kamerun. Nigeria, nchi yenye jeshi kubwa zaidi kwa mbali, ilikasirika, lakini makubaliano ya Greentree ya Juni 2006 yakapanga ratiba ya kuondoka, na makabidhiano yakakamilika tarehe 14 Agosti 2008. Mahakama ile haina hata polisi mmoja.

Na Argentina na Chile kuhusu mlango wa Beagle. Argentina ilikataa uamuzi wa usuluhishi, na Desemba 1978 meli za vita zilikuwa tayari baharini. Papa akaingia kama mpatanishi, miaka ikapita, mkataba ukasainiwa tarehe 29 Novemba 1984.

#15 Kokoto
Shikamoo mzee. Agacher ilianza na mabomu, hiyo si "bila vurugu".

#16 MzeeDira
Marahaba. Swali la uzi ni kumalizwa, si kuanza. Ilianza kwa mabomu, ikamalizwa kwa kalamu.

Cha kujifunza ni kwa nini walitii. Kiongozi aliyeshindwa mahakamani anarudi kwa watu wake na kusema: "Si mimi niliyetoa ardhi, ni majaji." Anayeshindwa vitani hana wa kumsingizia. Hukumu inamsitiri aliyeshindwa. Ndiyo maana ratiba ya Bakassi ilikwenda polepole, na wakazi wakawekewa kipindi cha mpito badala ya kufukuzwa usiku mmoja.

#17 Kitovu
Nina swali kwa wote mnaotaja mikataba. Mkataba wa Arusha wa kumaliza vita ya Rwanda ulisainiwa Agosti 1993, na Aprili 1994 Rwanda ikaingia kwenye mauaji ya kimbari. Karatasi ilikuwapo. Ilizuia nini? Baraza la Usalama likapunguza walinzi wa amani hadi 270 huku watu wanauawa. Srebrenica, Bosnia, ilitangazwa eneo salama 1993, na Julai 1995 wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa. Rasimu moja ingewasaidia nini watu wale?

#18 BiHatua
Kitovu, kwa saa ile, hakuna. Sitakupaka mafuta.

Lakini tazama mikataba miwili iliyofanana ikatofautiana. Angola, Bicesse, 1991: uchaguzi Septemba 1992, waangalizi wa kijeshi wapatao 350 kwa nchi kubwa namna ile, majeshi mawili hayajavunjwa. Savimbi, kiongozi wa waasi, akashindwa raundi ya kwanza, askari wake bado anao, vita ikarudi, ikadumu mpaka 2002. Msumbiji, Roma, tarehe 4 Oktoba 1992: wakaidhinishiwa askari na watumishi wa Umoja wa Mataifa kati ya 7,000 na 8,000, uchaguzi ukasogezwa kutoka 1993 hadi Oktoba 1994 ili silaha zikusanywe kwanza, na waasi wa Renamo wakawekewa mfuko wa kujigeuza chama cha siasa. Renamo walishindwa kura, wakaenda bungeni.

Tofauti ni mpangilio. Ukipiga kura kabla ya kukusanya silaha, umempa atakayeshindwa sababu na bunduki kwa mkupuo mmoja. Na aliyeshindwa akikosa mahali pa kukaa, atarudi msituni.

#19 MamaTafiti
Naongeza kidogo kwenye #18: Renamo nao walirudi kwenye mapigano 2013, na makubaliano mengine yakasainiwa Agosti 2019. Amani ile ilishika miaka karibu 20, haikuwa ya milele. Ni vizuri kusema yote.

#20 BiHatua
Nakubali, asante. Na mvutano wa safari hiyo ulihusu pamoja na mengine askari ambao hawakuwahi kuingizwa sawasawa kwenye jeshi la taifa. Kilichoachwa nusu ndicho kilichooza.

#21 Kokoto
Walinzi 7,000 wenye bunduki. Jabali, umeshinda 😄

#22 Nahodha2
Hajashinda. Kufuli mlangoni si ngumi.

#23 Mshumaa
Mbona wote mnazungumzia wakubwa mezani? Watu wa kawaida waliotoka bila silaha mmewaacha.

Erica Chenoweth na Maria Stephan walikusanya kampeni 323 za kuanzia 1900 hadi 2006. Zisizo na silaha zilifanikiwa 53%, zenye silaha 26%. Sababu wanayoitaja ni idadi: kampeni isiyo na silaha ilikuwa na wastani wa washiriki 200,000, yenye silaha 50,000. Bibi, mwanafunzi na karani wanaweza kugoma, hawawezi kukimbia milimani na bunduki. Wakiwa wengi hivyo, kila askari ana ndugu yake mle ndani. Manila, Februari 1986, vifaru vilisimama mbele ya watu waliokuwa wanasali, na siku nne zikatosha kumwondoa Marcos, mtawala wa Ufilipino.

Na Liberia 2003: wanawake Wakristo na Waislamu, wakiongozwa na Leymah Gbowee, walikaa na fulana nyeupe mvua na jua. Julai wakaufuata mkutano wa amani Accra, wakakaa mlangoni wameshikana mikono, wajumbe wasitoke. Mkataba ukasainiwa tarehe 18 Agosti.

Wanasema pia ukipata 3.5% ya wananchi barabarani, serikali haiwezi kusimama.

#24 Kitovu
Hiyo 3.5% si sheria, dada. Ni kile kilichoonekana katika orodha yao, na Chenoweth mwenyewe ameeleza kwamba si uchawi. Bahrain 2011 walipita kiwango hicho kwa mbali na wakazimwa, majeshi ya jirani yakiingia kusaidia. Tena tangu 2010 mafanikio yameporomoka: kampeni zisizo na silaha ziko chini ya 34%.

#25 Mshumaa
Na zenye silaha kwa kipindi hicho ni 8%. Malizia sentensi, kaka.

#26 Kitovu
😀 Haya, 8%. Lakini kushuka kuna maelezo yake. Tawala zimejifunza. Hazipigi risasi siku ya kwanza, zinasubiri watu wachoke, zinapenyeza wachokozi warushe mawe, kisha zinapata kisingizio. Na kampeni nyingi za sasa zinategemea maandamano tu. Maandamano yanaonekana sana lakini hayamnyimi mtawala kitu.

#27 BiHatua
Ndiyo tofauti ya kujikusanya na kutawanyika. Maandamano ni kujikusanya: unalengwa kirahisi. Mgomo wa kubaki nyumbani, kususia bidhaa, kuzima taa saa moja, kugonga sufuria madirishani, hivyo ni kutawanyika, na hakuna jeshi la kuingia kila nyumba. Wanaofanikiwa hubadilisha mbinu: leo barabara imejaa, kesho iko tupu.

Maandalizi ndiyo huachwa: walinzi wa maandamano waliofunzwa kumzingira mrusha mawe na kumtoa nje, akiba ya chakula kwa wagomaji wa wiki kadhaa, na mtu wa kuzungumza na askari wa vyeo vya kati, kwa kuwa hao ndio hupokea amri na kuamua kama itatekelezwa. Mshiriki mmoja akitoa bunduki, bibi anarudi nyumbani, na ile hesabu ya 200,000 inakufa.

#28 Fumbo
Habari zenu. Naleta upande wa hesabu.

1980 Robert Axelrod aliitisha shindano la programu za kompyuta zilizocheza mchezo wa kushirikiana au kusalitiana, raundi nyingi. Washiriki 14. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, kisha fanya kile mwenzako alichofanya mara iliyopita. Shindano la pili walikuja 62 wakijua hilo, ikashinda tena. Haikumshinda mpinzani yeyote mmoja mmoja, ilishinda kwa jumla.

Jabali ana haki kwa nusu: programu ile inalipiza. Ikiwa pole kabisa inaliwa. Lakini ina ugonjwa wake: ikitokea kosa moja, ujumbe umesikika vibaya, basi mbili kama hizo zinalipizana bila mwisho. Ndicho kisasi cha koo. Dawa iliyopatikana baadaye ni kusamehe baadhi ya makosa, takriban moja katika kila matatu kwa hesabu ya alama za mchezo ule. Si msamaha wa kila mara. Adui asijue lini utasamehe.

#29 DaktariMlezi
Fumbo, nzuri, ila mchezo ule una sharti kubwa: wachezaji watakutana tena na tena bila kujua mwisho. Ukiwaambia raundi ya mwisho ni ipi, usaliti unarudi. Kwa hiyo anayepanga kuwahamisha au kuwaua majirani zake wote kwa mara moja hayumo kwenye mchezo huo. Anataka raundi ya mwisho.

#30 Jabali
Hapo #29. Ndilo swali langu la tangu mwanzo, limesemwa vizuri kuliko nilivyolisema.

#31 Mshumaa
Wakati mnatafakari hilo, kuna njia ya kuwachanganya watu kabla hawajafika huko. 1954, Oklahoma, Muzafer Sherif aligawa wavulana 22 makundi mawili. Mashindano yakazaa uhasama wa kuchomeana bendera. Kula pamoja na kuangalia filamu pamoja hakukusaidia, waliendelea kurushiana chakula. Kilichosaidia ni shida ambayo kundi moja haliwezi peke yake: maji yalikatika, gari la chakula likagoma kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba.

#32 MamaTafiti
Jaribio hilo lina ndugu yake aliyefichwa. Sherif alijaribu 1953 mahali pengine, na wavulana wakakataa kugombana: walishafahamiana kabla ya kugawanywa, wakashuku kwamba watu wazima ndio wanaowachokonoa. Jaribio likavunjwa. La 1954 lilirekebishwa ili kuondoa kufahamiana huko. Kwangu mimi lile lililovunjika linafundisha zaidi kuliko lililofanikiwa.

Na kuchanganya watu kuna masharti, Gordon Allport aliyaandika 1954: hadhi sawa ndani ya shughuli, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wakubwa wanaounga mkono. Mpishi na bosi wake wanakutana kila siku na chuki haipungui. Hata ukiyatimiza, mipaka ipo. Utafiti uliochapishwa 2020 kuhusu ligi za mpira kaskazini mwa Iraq uliwaweka Wakristo waliokimbia ISIS kwenye timu zenye Waislamu. Uwanjani walipendana, wakataka kucheza pamoja tena. Nje ya uwanja, kwa watu wasiowajua, mabadiliko yalikuwa madogo sana.

#33 BiHatua
Na kwa watu binafsi waliozoea ukatili: Monrovia, Liberia, wanaume 999 wa mitaani, wengine waliwahi kuwa wapiganaji. Waligawiwa kwa bahati nasibu: wengine mafunzo ya wiki nane ya kudhibiti hasira na kujiona upya, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Fedha peke yake athari iliyeyuka haraka. Mafunzo peke yake yalisaidia, kisha yakafifia. Vyote viwili vikadumu, na walipofuatiliwa miaka kumi baadaye tofauti bado ilikuwapo.

Maelezo yanayotolewa: fedha ziliwapa miezi michache ya kuvaa vizuri na kufanya biashara ndogo, wakaishi kama mtu mpya muda wa kutosha kuzoea. Mafunzo bila muda wa kuyafanyia mazoezi yanapotea.

#34 Kokoto
Yaani Masai Mara ya #2 bila kifua kikuu. Hapa nimeelewa.

#35 Kitovu
Turudi #29. Nani alimzuia bila silaha mtu anayetaka raundi ya mwisho?

#36 Nahodha2
Denmark, Oktoba 1943. Amri ya Wanazi ya kuwakamata Wayahudi ilivuja, majirani wakawaficha hospitalini na makanisani, wavuvi wakawavusha zaidi ya 7,000 hadi Sweden. Si risasi zilizowaokoa.

#37 Kitovu
Mlango wa bahari mwembamba, nchi isiyo vitani upande wa pili, na aliyevujisha alikuwa ofisa wa ubalozi wa Ujerumani wenyewe, Duckwitz. Wayahudi wa Poland hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

#38 Nahodha2
Ni kweli. Lakini tazama ulichokiorodhesha: njia ya kutokea, mahali pa kupokelewa, na mtu wa ndani mwenye taarifa mapema. Hivyo vitatu vinaweza kuandaliwa kabla. Kazi ile haikutegemea silaha, na zingetumika sidhani zingewavusha.

#39 Jabali
Nilipofungua uzi nilisema suluhu zote ni woga. Naipunguza: stara ya #16 na mpangilio wa #18 si woga, hivyo nimevikubali. Kwa mtu wa raundi ya mwisho bado nasimama pale pale. Anayeona namna ya kumzuia asiyekuhitaji kwa lolote, aandike.

#40 Mshumaa
Karibu kila mwuaji anahitaji dereva, karani wa orodha, na mwenye mafuta ya magari. Nitarudi kesho na hilo, nikiwa na nafasi. Wakili, swali la haraka: kwenye rasimu moja, ugomvi ukiwa wa familia na hakuna Carter, nani anaandika?

#41 WakiliMtulivu
Yule ambaye hatapata wala kupoteza kitu kwenye mali inayogombewa, na anayekubalika kwa pande zote hata kama hapendwi. Aandike kwa penseli, ukurasa mmoja, bila majina ya waliokosea. Na rasimu ya kwanza aipeleke kwa mwenye hasira zaidi, peke yake, asubuhi.

#42 Kokoto
Kwa nini asubuhi?

#43 WakiliMtulivu
Jioni amechoka, na ameshazungumza na watu wa upande wake kutwa nzima.